Ndege Haina Kona

Kama wiki iliyopita hatukuwa pamoja, nipe dakika moja nikufikishe nilipo.

Mimi ni Filister. Nauza samaki Homa Bay, na jioni nasoma darasa la watu wazima katika ukumbi wa kanisa, kwa sababu utotoni sikupelekwa shule. Boma nililoolewa liko Migori, karibu na machimbo ya Osiri. Mume wangu Chrispine alienda Maskati, mji mkuu wa Omani, kuendesha lori. Mwaka wa kwanza alipiga simu kila Jumapili. Kisha kimya. Miaka miwili ya kimya.

Akatokea mtu aliyerudi kutoka huko akasema lori la Chrispine liliwaka moto jangwani, na hakuna mwili uliopatikana. Hapo kaka mkubwa wa mume wangu, Boaz, akaita wazee. Akataka ndugu yake azikwe kwa yago. Hilo ni tunda la mti, refu na zito, ambalo kwetu Waluo hulazwa kaburini badala ya mtu ambaye mwili wake umekosekana. Mazishi yakapangwa Ijumaa.

Nilishawaeleza pia haraka ya Boaz ilitoka wapi. Mshipa wa dhahabu uliokuwa ukifuatwa na wachimbaji wa Osiri ulikuwa umefika chini ya shamba la Chrispine.

Tuliachana Jumatano jioni, darasani, simu yangu ikiita kwa namba ndefu ya ng'ambo. Nikaipokea. Nikasikia sauti ya mtu niliyekuwa nimeshamlilia.

"Filister, ni mimi."

Nikainuka kwenye benchi, simu sikioni.

"Usikate. Simu ni ya mtu. Niko hai. Nilikuwa gerezani, wametutoa jana. Watu wema wametukatia tiketi. Ndege inaondoka Maskati kesho saa tatu asubuhi."

"Chrispine!"

"Nakuja nyumbani. Mwambie Mama..."

Ikakatika.

Nikapiga. Akapokea mtu mwingine, akasema maneno ya lugha ambayo sijawahi kuisikia, akakata. Nikapiga tena. Vilevile. Sikuwa nimemwambia Chrispine neno hata moja juu ya kaburi.

Darasa zima lilikuwa limegeuka kunitazama. Mwalimu Wesley akaja akasimama karibu nami.

"Mwalimu," nikamwambia, "kutoka Maskati hadi Nairobi, ndege inachukua saa ngapi?"

"Wewe ndiye utaniambia mimi. Si tulifanya hesabu hiyo juzi?"

Akafungua ramani mezani. Nikachomoa uzi kwenye pindo la kitambaa changu cha kichwa. Ncha moja nikaiweka Maskati, nyingine Nairobi, nikauvuta mpaka ukanyooka kabisa. Nikaupeleka kwenye kipimo kilichochorwa chini ya ramani. Kilomita elfu tatu na mia sita. Ndege ya abiria, tulifundishwa, hukata kama mia nane kwa saa. Saa nne na nusu. Nikaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Nikakumbuka hata kwamba jua lao hutangulia letu kwa saa moja, nikaiondoa.

"Kesho saa saba mchana atakuwa Nairobi," nikasema.

Mwalimu Wesley akapiga meza kofi. "Mama Scovia!" akasema, akiniita kwa jina la binti yangu. "Mtihani umeupita!"

Mimi naye tukacheka. Niliona kama Mungu mwenyewe amenipigia makofi.

Mengine yalikuwa rahisi. Basi la usiku kutoka Nairobi, alfajiri Migori, asubuhi Osiri. Hata mvua ikinyesha, hata gari likiharibika njiani, kabla ya saa sita mchana Ijumaa Chrispine angekuwa langoni kwake.

Uzi ule nikauzungusha kidoleni kama pete. Usiku nikapiga magoti chumbani kwangu, mtaa wa Makongeni hapo Homa Bay, nikaomba hivi: "Ee Mungu, ibariki hesabu hii."

Nimeyarudia maneno hayo moyoni mara nyingi. Sikumwomba Mungu amlinde mume wangu njiani. Nilimpelekea jibu likiwa tayari, nikataka aweke sahihi tu.

Alhamisi nikaenda Migori. Kutoka Homa Bay hadi Migori mimi hushuka Rongo nikabadilisha gari. Kila wiki, miaka yote. Lishike neno hilo. Mimi sikulishika.

Nilikuta turubai limeshafungwa. Wanaume walikuwa wanachimba kaburi upande wa kushoto wa nyumba yangu. Mama mkwe wangu, Mama Priscilla, alikuwa amekaa chini na kitambaa kimemfunika uso.

"Acheni kuchimba," nikasema. "Chrispine yuko hai. Yuko angani sasa hivi, anakuja."

Majembe yakasimama. Boaz akatoka kivulini akijifuta mikono.

"Anakuja na nini, nyar Karachuonyo?" Hivyo ndivyo wanavyoniita, binti wa Karachuonyo, kwa sababu nilikozaliwa ni huko.

"Na ndege."

"Na ndege!" Akawageukia watu. "Mmesikia? Marehemu anapanda ndege. Sisi tuliobaki hai tunapanda bodaboda."

Watu wakacheka. Msibani! Wakacheka.

"Shemeji, alinipigia simu jana."

"Lete hiyo namba."

Nikampa simu. Akapiga, akaweka sauti ya wote kusikia. Yule mtu wa ng'ambo akapokea, akapayuka kwa lugha yake, maneno yakimwagika kama mahindi kwenye debe.

"Chrispine, ndugu yangu!" Boaz akamwitikia. "Mbona siku hizi unaongea hivyo? Umesahau Kiluo haraka namna hii?"

Safari hii kicheko kilifika mpaka barabarani. Mama Priscilla akatoa kitambaa usoni.

"Filister," akaniambia, "mwanangu nimeshamlia nikamaliza. Unataka nianze upya?"

"Mama, niliisikia sauti yake. Naijua."

"Mimi niliyemzaa hakunipigia. Akupigie wewe?"

Aliyekuwa akisimamia mazishi ni Jaduong' Jeremiah, ndugu wa marehemu baba mkwe wangu; jaduong' kwetu ni mzee wa heshima. Si mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke, maana mengi yaliyofuata yalitoka kinywani mwake.

"Mama Scovia," akaniuliza, "tuseme ni kweli. Atafika lini?"

"Kesho, kabla ya saa sita mchana."

"Unajuaje?"

Nikamvulia uzi kidoleni. Nikachora Maskati kwenye udongo, nikachora Nairobi, nikamweleza kilomita, mwendo wa ndege, na jua la wenzetu linalotangulia. Wazee wakainama kutazama. Kwa mara ya kwanza katika boma lile watu wazima walinisikiliza bila kunikatiza. Mungu anisamehe, nilifurahi.

"Ndege si gari," nikasema. "Inanyooka kama uzi huu."

Jaduong' akafikiri. Kisha akaitikia kwa kichwa polepole. "Hapo amesema ukweli. Ndege haina kona."

"Jaduong'," Boaz akasema, "kamba ya kitambaa ndiyo itasimamisha mazishi ya watu?"

"Haitasimamisha. Itasogeza. Yago haliozi kwa nusu siku." Akanigeukia. "Nakupa mpaka jua lifike utosini kesho. Lakini nami nataka kitu. Akikosa kufika, nani atawajibika kwa watu hawa?"

"Mimi."

"Kwa nini tukuamini?" Boaz akadakia. "Aape. Aape kwamba saa sita ikipita, yeye mwenyewe atalibeba yago mpaka kaburini, kwa mikono yake, na hatafungua kinywa tena juu ya jambo hili."

Kwa kawaida si kazi ya mke. Wanawake wakanong'ona. Lakini mimi nilikuwa na uzi, nilikuwa na ramani, nilikuwa na kofi la Mwalimu mezani.

"Nitaapa."

"Na simu ikae kwangu," Boaz akaongeza, "asije akapanga mtu mwingine wa kujifanya marehemu."

"Ikae," akasema Jaduong'.

Wakaleta Biblia yangu mwenyewe. Nikaweka mkono juu yake na kuapa, mbele ya boma lote na mbele ya binti yangu Scovia, ambaye alinitazama kama mtu anayemwona mama yake akipanda ukuta mrefu.

Ijumaa asubuhi nilioga, nikajipaka mafuta, nikavaa gauni la bluu ambalo Chrispine hulipenda. Wenzangu wote walivaa nguo za msiba.

"Bibi harusi!" mwanamke mmoja akasema alipoona gauni. "Na keki iko wapi?"

Nikampita. Nikasimama langoni.

Saa moja, hakuna mtu. Saa mbili, bodaboda ikapunguza mwendo karibu na lango, nikaikimbilia, kumbe ilikuwa imeleta mfuko wa sukari. Nikafunga na kuomba, nikishika uzi kama wenzetu wengine wanavyoshika rozari.

Boaz akapita akielekea nyuma ya ghala, simu sikioni. Alikuwa akiongea kwa sauti ya chini na kutabasamu. Nilidhani ni wale wanunuzi wa dhahabu. Sikutazama ameshika simu gani.

Aliporudi akasimama kando yangu.

"Kama alitua jana saa saba, nyar Karachuonyo, Nairobi yote hakuna simu ya kuazima?"

"Labda hakupata mtu wa kumwazima."

"Au labda ndege ilipata pancha Rongo."

Wanaume waliokuwa karibu waliinama kwa kucheka. Mmoja akauliza kama rubani hubeba spana. Mwingine akasema labda wamesimama kununua miwa.

Jua likapanda. Sijawahi kulichukia jua kabla ya siku ile. Kivuli changu kilikuwa kirefu, kikawa kifupi, kikaingia chini ya miguu yangu.

"Mama Scovia," Jaduong' Jeremiah akaita.

"Bado kidogo, Jaduong'."

"Nimekuongezea kidogo tayari."

"Basi huchelewa. Naomba mpaka saa tisa."

"Uliapa mpaka lini?"

Watu wote walikuwa wakinitazama. Nikatazama barabara. Kulikuwa na mbuzi tu.

"Uliapa mpaka lini, mama?"

"Mpaka saa sita."

"Basi njoo."

Yago lilikuwa mezani chini ya turubai. Walikuwa wamelivika shati jeupe la Chrispine, lile la siku tuliyofunga ndoa kanisani, wakafunga vifungo vyote. Nikalichukua mikononi. Lilikuwa na uzito wa mtoto wa miezi sita, na joto, kwa sababu lilikuwa limeanikwa juani.

Nikalibeba. Kutoka turubai hadi kaburini si mbali. Nikapiga magoti nikalilaza ndani. Kola ya shati ilikuwa imejikunja. Nikanyoosha mkono nikainyoosha.

Hapo Mama Priscilla akapiga kelele iliyowatoa ndege kwenye miti.

"Umemuua mara mbili!" akanililia. "Ulinipa mtoto jana, leo umeninyang'anya! Mwanamke gani wewe?"

Hata nisingeapa kunyamaza, ningesema nini?

Boaz ndiye aliyetupa udongo wa kwanza. Kisha wakafukia. Wakaniletea koti la zamani la Chrispine, koti la mjane, wakanivalisha juu ya gauni la bluu na kulifunga mpaka shingoni. Liliniwasha. Lilinukia kabati.

Tulipomaliza, watu wakala. Wali na nyama. Wachimbaji wa Boaz hawakula. Walikuwa wameshaanza kupiga vigingi kwenye shamba la mume wangu.

Nilikaa ukutani mwa nyumba yangu, nikamwambia Mungu kwamba simwelewi, lakini sitamwacha. Hiyo tu ndiyo sala niliyokuwa nayo.

Jua lilikuwa limeshuka, vivuli vimeanza kurefuka tena, mbwa wetu alipoinuka kutoka chini ya turubai. Hakubweka. Alikimbia langoni akitingisha mkia mpaka kiuno.

Bodaboda ilikuwa imesimama. Mtu akashuka. Alikuwa mwembamba kiasi kwamba shati lilining'inia kama limetundikwa kwenye msumari. Mkononi alikuwa na mfuko mmoja wa plastiki. Akalitazama turubai, akawatazama watu, akatabasamu.

"Jamani," akasema Chrispine. "Mapokezi makubwa hivi, yote ni yangu?"

Sahani moja ikaanguka.

Akainua mguu avuke lango.

"Simama hapo!" Jaduong' Jeremiah akapaza sauti. Akakimbia, mzee yule mwenye fimbo, akatandaza mikono. "Usikanyage humu! Na wewe usitoke!" Huyo wa mwisho nilikuwa mimi. Nilikuwa nimeshafika nusu ya ua.

"Jaduong', ni mimi. Chrispine."

"Naona ni wewe. Ndiyo maana nakwambia usikanyage."

"Kuna nini? Nani amekufa?"

Akamtafuta mama yake kwa macho.

"Mama? Nani amekufa?"

Mama Priscilla alikuwa ameshika midomo yake kwa mikono miwili. Scovia ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo. "Ni wewe, Baba."

Chrispine akaliona kaburi. Nilimwona akiliona. Akaweka mfuko chini polepole, kama una mayai.

"Ulisema unaondoka Alhamisi saa tatu," nikamwambia kutoka pale niliposimamishwa. Nilivunja kiapo changu cha kunyamaza, na sikujali. "Nilipima. Ni saa tano tu. Ulikuwa wapi?"

"Filister, ile ilikuwa tiketi ya bei ya chini. Walitupeleka Bahareni kwanza."

"Bahareni iko kaskazini!"

"Ndiyo. Tulirudi nyuma. Tukashushwa, tukakaa sakafuni mchana kutwa. Tukapandishwa nyingine mpaka Addis Ababa, tukashushwa tena. Nimetua Nairobi leo asubuhi."

Mimi ninayebadilisha gari Rongo kila wiki. Mimi. Uzi wangu ulikuwa sawa. Ndege ilikuwa na kona mbili.

"Lakini mbona mnashangaa?" Chrispine akaendelea. "Nilipofika Nairobi niliomba simu ya askari mmoja nikakupigia. Akapokea Boaz. Nikamwambia nakimbilia ndege ndogo ya kwenda Homa Bay, kuna msamaria amejitolea kunilipia. Akaniambia nisihangaike, nije polepole na basi, ananiandalia mapokezi."

Vichwa vyote vikageuka.

Boaz alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, anachokonoa meno.

"Boaz," Jaduong' akauliza, "ni kweli?"

"Kumbe wafu siku hizi wanapiga simu?"

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Nakuuliza mara ya pili."

"Jaduong', hata nikisema ndiyo, udongo utajifukua?"

Mzee akashusha fimbo. Nilimwona akizeeka pale pale. "Ya simu tutayahukumu," akasema. "Lakini udongo umeshaingia. Mtu aliyezikwa haingii kwa lango. Akiingia, kifo kinafuata wengine humu ndani, na wa kwanza ni watoto wake. Hilo mnalijua."

"Basi hakuna njia?" Mama Priscilla akalia.

"Iko. Ua wa minyaa unaozunguka boma ukatwe mahali papya, aitwe kwa jina, aingie kama mtu aliyezaliwa leo. Lakini anayekata ni mwana mkubwa wa baba yake. Hakuna mwingine. Na ni leo. Jua likizama juu ya kaburi lile, njia imefungwa."

Mwana mkubwa ni Boaz.

Nje, Chrispine alishikwa na kikohozi kirefu. Aliomba maji. Scovia akanyakua kikombe, shangazi yake akamdaka mkono, maana aliyezikwa hapewi kitu cha bomani, maji yakamwagika. Sisi tulikuwa na mapipa mawili ya maji ya wageni, na mume wangu aliomba maji mara tatu.

Boaz akainuka. Akaenda kwenye banda, akarudi na panga. Akaangalia makali yake. Akausogelea ua wa minyaa kama anayechagua mahali pazuri pa kukata, na mimi, mjinga wa mwisho, nikaanza kumshukuru Mungu.

"Nitakata," akasema. "Nani alisema nitakataa? Ni ndugu yangu. Nitakata, nitamwita, nitachinja na fahali wangu mwenyewe. Lakini atakayeingia amezaliwa leo. Si ndivyo, Jaduong'?"

"Ndivyo."

"Mtoto wa leo ana shamba?"

Mzee akalitazama kaburi.

"Ana mke? Ana watoto?" Akanielekezea panga. "Shamba ni la yule aliyeko kaburini. Huyu ni mjane wa yule aliyeko kaburini. Alimbeba mwenyewe, mmemwona. Basi aseme hapa, mbele yenu wote, kwamba yeye ni mjane, koti hilo halivui, na atakaa chini ya mkono wangu pamoja na shamba na watoto. Akisema, nakata sasa hivi."

"Asiposema?" Jaduong' akauliza.

"Mimi sina ndugu huko nje. Ndugu yangu nimemzika leo mchana."

Chrispine alikuwa ameshika nguzo ya lango ili asianguke. Hakumtazama Boaz. Alinitazama mimi, na koti lake mwilini mwangu.

"Filister," akasema. "Ni kweli? Ni wewe uliyenibeba?"

"Nilipima vibaya," nikasema.

"Nimekuuliza kama ulinibeba."

"Ndiyo."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeambiwa bei ya kitu asichoweza kununua.

Jua lilikuwa limegusa vilele vya minyaa. Mwanga wake ulifika mguuni mwa kaburi, ukawa unapanda juu ya udongo mpya.

"Sema ndiyo," Mama Priscilla akaninong'oneza. Alikuwa amenifikia bila mimi kumsikia. "Acha wachukue shamba. Wachukue dhahabu yao. Mimi nataka kumlisha mtoto wangu leo. Sema ndiyo, Filister. Ni neno moja."

"Na mimi, Mama?"

"Wewe ulishaapa mara moja kwa sababu ya akili zako. Apa mara ya pili kwa sababu ya mwanangu."

"Usiseme," Chrispine akaita kutoka nje. Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Filister, usiseme. Niache huku. Toka, twende."

"Akitoka," Boaz akasema, taratibu kabisa, "watoto wanabaki."

Scovia alikuwa bado ameshika kikombe kitupu.

Uzi ulikuwa bado kidoleni mwangu. Nilijua kilomita kutoka Maskati hadi Nairobi. Kutoka pale niliposimama hadi kwa mume wangu ilikuwa hatua chache, na hakuna mtu aliyewahi kunifundisha mwendo wake.

Nikainua mkono mpaka shingoni, kwenye kifungo cha kwanza cha koti. Sikuwa nimeamua. Naapa, sikuwa nimeamua. Vidole vyenyewe vilikifungua.

Mama Priscilla akapiga magoti. Katika boma lile hakuna aliyewahi kuona mama mkwe akimpigia magoti mke wa mwanawe. Akanishika miguu kwa mikono miwili, akaweka kichwa chake juu ya viatu vyangu, na akaanza kuniomba kwa majina yangu yote.

Koti lilikuwa limebaki na vifungo vinne.